Honi Iliyowaita Wavuvi

Mashua ya tanga niliiunda mwenyewe, kwa kutazama video. Asubuhi moja ya ukungu, nusura niupindue nayo mtumbwi wa mvuvi katika Ziwa Babati. Niliogopa sana, nikaamua kufunga honi. Nilisikiliza honi nyingi kwenye simu hadi zote zikafanana, mwishowe nikachukua ya pikipiki kwa fundi wa kijiji cha Bonga. Niliifunga na kuifungua mara nne kwa sababu ilikaa upande kidogo.

Ukungu uliporudi, nikaipiga. Badala ya kunipisha, mtumbwi ukanijia mbio.

"Leo umewahi!" mvuvi mzee akasema kabla hajaniona vizuri ukunguni. "Nina sato wazuri."

"Shikamoo, mzee. Sinunui samaki. Nilikuwa naomba mnipishe."

"Marahaba. Tukupishe vipi na wewe unatuita?"

Kumbe mnunuzi wa samaki hufika ufukweni kwa pikipiki, akipiga honi kama yangu, na kwenye ukungu mzee alidhani ndiye.

"Sasa nifanyeje?"

"Gonga ubavu wa mashua kwa kasia, kama sisi. Hukuuliza?"

Sikuuliza. Nikagonga. Mvuvi mwingine akanijibu kwa kugonga, karibu kuliko nilivyodhani, na hilo pia sikuwa nimeliuliza: nipinde kushoto au kulia?