Fisi wa Serikali Kuu, Mbwa wa Kaunti

Asubuhi niliyoitwa na jirani yangu, kondoo wake watatu walikuwa wamelala kando ya zizi, shingo zimeraruliwa. Tunaishi ukingoni mwa Kitengela, mahali nyumba za mawe zinapoishia na malisho kuanza. Yeye ni mjane Mmaasai wa rika la mama yangu, nami humwita Yeyo, yaani mama. Alikuwa ameifunika alama moja ya mguu kwa karai ili mvua isiiharibu.

Nilipiga picha, tukaenda kwa afisa wa wanyamapori kudai fidia. Alizitazama, akatabasamu upesi kuliko nilivyopenda.

"Hii ni kazi ya mbwa, mama. Katiba imepea kaunti mbwa. Sisi wa serikali kuu tuko na wanyamapori pekee."

Siku hiyo hiyo tukafika ofisi ya kaunti. Daktari wa mifugo hakuzitazama picha hata mara mbili.

"Huyo ni fisi. Fisi si wetu. Rudini mlikotoka."

Nilishuku wamepigiana simu. Kesho yake nilimwendea kila mmoja, nikamwambia mwenzake amekubali kuja Alhamisi, anahitaji shahidi tu. Ulikuwa uongo. Wote wawili walikuja.

Yeyo aliinua karai. Wakainama.

"Mbwa," akasema wa wanyamapori.

"Fisi," akasema daktari.

Kila mmoja akaandika lake. Kisha daktari akanigeukia. "Na wewe, uko na mbwa?"

Nilikuwa naye, mkubwa, na sikuwahi kumfunga. Nilimtazama Yeyo. Swali halikumshangaza. Nikaelewa kwamba alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, hata tulipokuwa tumeketi pamoja tukisubiri katika ofisi zile.

"Si wangu aliyewaua," nikasema. "Yeye hulala mlangoni."

"Umemwona akilala?" Yeyo akauliza kwa upole.

Maafisa waliondoka, kila mmoja na gari lake, na hatukuwasikia tena. Wiki hiyo nilinunua waya, tukauzungushia zizi mimi na Yeyo. Mbwa nikaanza kumfunga kila jioni kwa mnyororo.

Hakuna kondoo aliyeuawa tena. Kama ni waya au ni mnyororo, sijui. Yeyo huniletea maziwa na kunisalimu vizuri. Lakini akiingia uani humtazama mbwa wangu mdomoni kwanza, na siku hizi hata mimi humtazama.