Mihayo Alivyotolewa Kwenye Chama cha Kuzikana

Mume wangu Mihayo alikuwa fundi mwashi hapa Buhongwa. Mtu akifiwa mtaani, yeye ndiye aliyejengea kaburi kwa tofali, bure, maana alikuwa mwanachama wa chama chetu cha kuzikana. Alikuwa pia Mmasoni. Ndiyo, hao hao mnaowaita Frimasoni. Aliingizwa ujanani na mzee wa Kihindi aliyemfundisha kazi. Watu husema wanapewa utajiri kwa kutoa kafara. Huo utajiri sijauona, bati letu linavuja mpaka leo. Nilichokiona ni mtu asiyesema uongo wala kutangaza wema wake.

Shigela nimemlisha mimi. Alikuja kwetu hajui hata kushika mwiko, Mihayo akamfundisha mpaka akawa fundi. Kuna ukuta wa darasa aliupindisha. Mihayo akaubomoa na kuujenga upya siku za Jumapili ili Shigela asifukuzwe, wala hakumwambia mtu.

Basi mwaka juzi, kwenye kikao cha chama, huyo Shigela akasimama.

"Mwenyekiti, humu tuna Frimasoni. Watu wanaogopa mikono inayotujengea makaburi."

Mwenyekiti wetu Masele akacheka. "Mzee Mihayo, sema siyo, tunywe chai yetu."

"Ni kweli, Masele. Mimi ni Mmasoni."

Masele akajikuna shingo. "Haya, tutajie basi hata jema moja mnalofanya huko."

Mihayo kimya. Nikasimama mimi. "Shigela, waambie habari ya ule ukuta."

"Mama Kija, kaa," Mihayo akasema.

"Sikai."

"Nakuomba."

Nikakaa. Shigela alikuwa anaangalia viatu vyake. Wanachama wakanyoosha mikono kumtoa Mihayo, na Hellen niliyemzalisha mimi mwenyewe akanyoosha wake. Mihayo akawashukuru, tukaondoka.

Misibani aliendelea kwenda. Akikaa, waliokaa karibu naye wanahama viti.

"Turudi nyumbani, wanakudharau," namwambia.

"Wamefiwa, Mama Kija."

Masika haya amekufa. Hakuna jirani aliyekuja na jembe. Ndugu zake walivuka ziwa kutoka Nansio, wakachimba wao, ila kujengea hawajui. Ndipo Shigela akafika na tofali kwenye guta.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumjengea mzee."

Sikuitikia. "Kikaoni nilipokwambia useme habari ya ukuta, mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Niliogopa, mama. Na kazi zake nilikuwa nazitaka zije kwangu."

"Masele yule pale barabarani, na wenzake. Nenda ukawaambie habari ya ukuta, nisikie."

Akawatazama. Akanitazama. Akainama.

"Rudi na tofali zako," nikamwambia.

Tulimzika Mihayo kwenye udongo mtupu. Shemeji zangu wananilaumu, wanasema marehemu angempokea. Najua angempokea. Mmasoni alikuwa yeye.