Masale ya Uzi, Njia ya Kanisani

Thadeus, mdogo wa marehemu mume wangu, aling'oa masale thelathini na moja ya mpaka wetu nilipokuwa hospitali ya Mawenzi namuuguza mama. Hilo ndilo kosa lenyewe. Naliandika mwanzo ili anayesoma asidhani nilianza mimi.

Ilikuwa mwaka 1997. Mume wangu Jacob alikuwa na miaka miwili kaburini. Aliniachia kihamba cha migomba na kahawa hapa Uru, miteremkoni mwa mlima, na mtoto mmoja wa kike, Mektrida. Shamba halikuwa na karatasi. Hakuna jirani aliyekuwa na karatasi. Tulikuwa na masale, mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani, na ikishapandwa haiguswi. Jani la isale ndilo pia mtu anakwenda nalo kuomba msamaha. Akikuletea limefungwa fundo hukatai, hata kama amekuulia ng'ombe.

Njia ya kanisani ilipita kati ya shamba la Thadeus na letu, na masale yalisimama upande wetu. Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Thadeus aling'oa mibuni yake yote, akafungua duka la vinywaji kando ya njia, akataka nafasi ya gari kugeuka. Nafasi hiyo aliipata kwangu. Niliporudi kutoka Mawenzi nilikuta waya wa miiba umeingia hatua sita ndani ya migomba yangu, na udongo umesawazishwa vizuri kama wa uwanja wa harusi.

"Masale gani, shemeji?" aliniuliza. "Mimi hapa nimeona nyasi tu."

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Primus, alikuja akatazama waya, akatazama udongo.

"Mama Mektrida, mpaka ulikuwa wapi?"

Nikamwonyesha. Thadeus akamwonyesha pengine. Balozi akasema hawezi kuamua bila alama, akanywa soda kwa Thadeus, akaenda zake.

Kazi yangu ilikuwa kufuma. Shule sikwenda, hizi herufi nilizipata darasa la watu wazima, nikiwa tayari mama wa mtu. Lakini sweta za wanafunzi wa hapa nilizifuma mimi, kwa sindano za spoki za baiskeli, mpaka mitumba ilipofurika soko la Kiboriloni na sweta ya Ulaya ikawa rahisi kuliko uzi wangu. Tangu hapo nikawa nanunua sweta zilizochanika, nazifumua, nafuma vitambaa vya makochi.

Mwezi ule nilinunua sweta za kijani peke yake, na moja ya njano. Nilifuma majani marefu kama mkono, nikayatia waya mwembamba katikati ili yasimame. Ukingoni nilipitisha uzi wa njano kwa kulabu, kwa sababu masale ya Jacob yalikuwa na mstari huo. Kwa mashina nilitumia vijiti vya mibuni aliyoing'oa Thadeus mwenyewe na kuitupa. Jumapili moja, watu wakiwa misa ya kwanza, niliyachomeka yote thelathini na moja mahali pake, kuanzia chini ya nguzo ya umeme, pale Jacob alipopandia la kwanza. Uzi uliobaki niliivisha ile nguzo hadi usawa wa kifua.

Misa ikatoka. Watu wakajaa njiani.

"Mama Mektrida, umesahau kuyamwagilia!"

"Muache, mwaka huu atavuna soksi!"

Thadeus alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka Jumanne, gari la bia lilipokuja. Dereva alikuwa mtu wa Marangu. Alitaka kugeuza gari, akafika mbele ya yale majani, akazima injini.

"Pita," Thadeus akamwambia.

"Sikanyagi isale mimi."

"Bwana, hiyo ni sweta!"

"Haya. Ikanyage wewe kwanza, mimi nitafuata."

Thadeus alisimama pale, mikono kiunoni. Hakukanyaga. Makreti yalishushwa barabarani, yakabebwa kichwani, na wabebaji wakaambaa upande wa pili wa njia ili wasiguse mstari. Ikawa hivyo kila Jumanne. Waya wake ulibaki ndani ya migomba yangu, masale yangu yakabaki nje njiani, na katikati palikuwa na hatua sita ambazo hakuna aliyezitumia isipokuwa mbuzi.

Mwaka uliofuata Isack, mwanawe wa kwanza, alitaka kuoa binti wa Kibosho. Wakwe walikuja kuona nyumbani. Walipita njia ileile, na mjomba wa binti, mzee mfupi mwenye koti la mvua, akasimama kwenye nguzo.

"Hapa nani kang'oa masale?"

"Ni mapambo tu hayo, mzee," Thadeus akasema. "Shemeji yangu ni fundi."

"Mapambo? Mtu haketi miezi anafuma isale kama lake halijang'olewa."

Waliondoka, pombe ya mbege ikabaki mtungini. Walisema binti wao haingii kwenye ukoo wenye mpaka uliong'olewa, na kwamba Thadeus awaite tena akishasamehewa.

Ndipo Thadeus akahitaji isale, na hakuwa nalo. Alikuwa ameng'oa yangu, na ya kwake aliyang'oa zamani kupisha duka. Kumwomba jirani jani aliona aibu, kwa maana jirani angejua linakokwenda. Basi akachomoa moja la uzi pale njiani, akalifunga fundo, akaja nalo kwangu akiwa na balozi Primus na yule mjomba wa Kibosho.

Nilikuwa namenya ndizi. Nililitambua kabla hajaketi. Ncha ya waya ilikuwa imetokeza kwenye fundo.

"Shemeji, nimekosa," akasema. "Nimekuletea isale."

Nilimaliza ndizi niliyokuwa nayo mkononi. Nikisema hiki ni kipande cha sweta, basi na kule njiani nina vipande vya sweta, na mpaka sina. Nikisema ni isale, sina ruhusa ya kumkatalia.

"Umeleta nini, Thadeus?"

"Isale."

"Sema balozi asikie."

"Isale, shemeji! Unataka niimbe?"

Nikanawa mikono, nikalipokea.

"Nimelipokea. Nimekusamehe. Balozi, umesikia mwenyewe kwamba hili ni isale. Sasa yale thelathini aliyoyaacha njiani ni nini?"

Balozi akakohoa. Mjomba wa Kibosho ndiye aliyecheka kwanza.

"Mzee Thadeus, umejifunga mwenyewe. Nenda kaondoe waya."

Kesho yake kabla ya saa sita waya ulikuwa umeondolewa. Balozi alitamka kwamba masika yakianza, Thadeus atapanda masale mabichi kwa mkono wake, kwa kuwa ndiye aliyeng'oa. "Nitapanda," akasema, mbele yetu sote. Harusi ikafanyika. Nilikula, nikarudi nyumbani.

Masika yalikuja, yakapita. Nikamfuata dukani.

"Shemeji," akasema, wateja wakisikiliza, "si ulisema mwenyewe yale ni masale? Sasa nipande mengine ya nini?"

Wakacheka. Nikatoka dukani, kwa maana ni kweli nilisema.

Sasa ni mwaka 2004. Uzi hauvumilii masika. Kila Juni nayang'oa, nafumua yaliyooza, nafuma upya. Wageni wanaoshuka mlimani hupiga picha, na Thadeus huwauzia soda na kuwaambia ni urembo wa kijiji. Watu huniuliza kwa nini nisipande mwenyewe nikapumzika. Aliyeng'oa ndiye anayerudishia. Nikipanda mimi, nimekiri kwamba hakung'oa. Mwaka jana yalinichukua miezi minne, kwa sababu macho hayaoni tena tundu la kupitisha kulabu jioni.

Msamaha nilitoa na siurudishi. Lakini Thadeus ananidai ninyamaze kwa kuwa nilisamehe, na mimi namdai masale thelathini na moja yenye mizizi, ayapande kwa mkono wake, kuanzia kwenye nguzo, nikiwa bado naweza kuyaona.