Kisanduku cha Kusikiliza Ardhi

Chekeni tu jamani, hata mimi nimeshajicheka. Nilifukia kinasa mitetemo uani kwa Mama Bhoke, pale Kenyamonta. Ni kisanduku kidogo cha kupima matetemeko, kinatumia umeme kiduchu, sola ya ukubwa wa daftari inakitosha. Kwenye mkutano wa kijiji nikajitutumua: "Kisanduku hiki kitasikiliza mambo yote ya ardhi, usiku na mchana, wala hakichoki!" Nikapigiwa makofi mpaka kichwa kikavimba.

Wiki ya pili nilipita jioni kuchukua kumbukumbu. Mungu wangu! Kila asubuhi ardhi ilikuwa imetikisika! Nikampigia bosi simu Mwanza huku nikirukaruka: "Tetemeko, mkuu! Njoo ujionee!"

Kesho yake asubuhi tukafika naye, tukakuta foleni ya wanakijiji uani. Mzee mmoja alisimama juu ya kisanduku changu, anakanyaga chini kwa hasira na kupigilia fimbo: "Mpaka wangu unaishia kwenye mkonge! Umesikia?"

Mama Bhoke akamkaribisha bosi, kisha akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye aliyetuletea mashine ya kusikiliza mambo ya ardhi. Ushahidi wote tumeshatoa. Sasa hukumu ni lini?"