Skafu ya Thelathini

Mama yangu ni fundi cherehani Kasulu, na anachojivunia kuliko cherehani yenyewe ni masalio. Ukimpelekea kitambaa, anakurudishia nguo pamoja na kila kipande kilichobaki, kimefungwa fundo. Watu husema mafundi wanakula vitambaa. Mama yangu hajala hata uzi, ndiyo maana kwaya moja ya akina mama wa Kibondo iliwapita mafundi wa kwao ikaja kwake.

Mwenyekiti wa kwaya alileta mita tatu kamili. Walitaka skafu thelathini, kila moja upana wa sentimita kumi. Mama akasema zinatoka. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuoni, nimejaa sifa za kompyuta, nikadakia kwamba nitawahakikishia. Nikaandika programu ya mistari mitatu: gawanya mita 3 kwa mita 0.1, niambie zinatoka ngapi na kinabaki nini.

Ikajibu kwamba zinatoka 29, na inabaki 0.09999, na tisa nyingine kibao.

Mwenyekiti alisoma mara mbili. "Mama, ya thelathini iko wapi? Na hiki kinachobaki, karibu sentimita kumi, kinakwenda wapi?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Jina ambalo mama alilijenga kwa mafundo ya miaka yote, mimi mwanawe nilikuwa nalitia doa kwa mistari mitatu.

Mama hakujitetea. "Keti hapa, mama mwenyekiti. Tazama mikono yangu." Akatandaza kitambaa mezani, akaanza kupiga alama za chaki.

Mimi nakodolea kioo cha kompyuta. Nilipokumbuka, nilitaka kujizaba kofi. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, kwa hiyo moja ya kumi haiwezi kuiandika sawasawa; huiweka kubwa kidogo, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Ukizidisha mara thelathini, inapita mita tatu kwa kichembe, basi mashine inasema ya mwisho haienei, na karibu skafu nzima inaitwa salio. Tulifundishwa hilo. Niliandika kwenye mtihani, nikapata alama, nikasahau. Nikafuta mita, nikaweka sentimita, 300 kwa 10. Zikatoka 30, ikabaki 0.

"Mama, ningetumia sentimita tangu mwanzo."

Hakuinua macho. "Ego, mwana wanje," akaitikia kwa Kiha, yaani ndiyo, mwanangu. "Uliniona lini nakata kwa sifuri nukta? Tepu yangu ina sentimita, nami nazihesabu nzima nzima."

Leo naishi kwa kuandika programu, na kabla ya kutafuta salio lolote nageuza vipimo kuwa namba nzima. Wenzangu wakiniuliza nani alinizoesha, nawajibu bila kumung'unya maneno kwamba ni fundi cherehani.

Siku ile mkasi ulipita mara ishirini na tisa, zikapatikana skafu thelathini. Mwenyekiti akazihesabu mwenyewe. Mama akazoa nyuzi zilizodondoka mezani, akazifunga fundo dogo, akamkabidhi.

"Na masalio yenu haya hapa."

Mwenyekiti alilipokea kwa mikono miwili.