Upande Uliolika

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nilivyowahi kukubali mbele ya watu: siku niliyolia mbele ya kijiti cha kukorogea uji. Nimeikana tangu ujana. Binamu yangu Nasra, niliyekuwa nikisoma naye Uskoti, alirudi Maskati akaisimulia harusi baada ya harusi, na kila alipoisimulia nilisema yale yalikuwa mafua. Wakati mwingine niliongeza kwamba Glasgow mvua hainyamazi, na mtu hawezi kujua maji ya usoni mwake yametoka wapi. Mwanangu, hayakuwa mafua. Nimefika umri ambao naogopa ngazi kuliko aibu, basi acha niseme.

Nilikwenda Uskoti nikiwa na makoti mawili na kiburi cha kutosha darasa zima. Nilidhani najua kila kitu, isipokuwa namna ya kuwasha kipasha joto cha chumbani. Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane mfupi, Bi Morag, mwenye sauti ya mwalimu wa chuoni aliyeona umeruka aya. Jumamosi moja kipasha joto kikafa kabisa. Akatugongea mlango: "Vaeni. Twendeni makumbusho. Kule kuna joto."

Baadaye, nilipoanza kuandika magazetini, niliandika kwamba mapenzi yangu ya mambo ya kale yalianza katika siku za masomo. Ni kweli. Sikusema tu kwamba yalianza miguuni, kwa baridi.

Nilitarajia mapanga na viti vya wafalme. Bi Morag akayapita yote bila kugeuza shingo, akatupandisha juu, kwenye chumba ambacho hakikuwa na mtu. Na huko, mwanangu, hakukuwa na kitu chochote cha mfalme. Kulikuwa na nyumba. Nyumba za watu wa kawaida wa Uskoti, zimekunjuliwa vipande vipande na kuwekwa nyuma ya vioo. Taa ya chuma yenye umbo la jani, iliyokuwa ikiwashwa kwa mafuta ya samaki. Nilihisi harufu yake, wallahi, ingawa kioo kilikuwa kimefungwa. Vijiko vya pembe, vimekwanguliwa vikawa vyembamba hata mwanga unapita kama katika ukucha. Kikombe cha mti chenye masikio mawili, bapa, ili anayekupa akupe kwa mikono miwili na wewe upokee kwa mikono miwili. Soksi ya mtoto iliyotiliwa kisigino mara nyingi hata hujui soksi yenyewe ya mwanzo iko wapi.

Na bizimu ndogo ya fedha, umbo la moyo, haizidi ukucha wa kidole gumba. Bi Morag alitueleza kuwa ilikuwa ikibanwa kwenye nguo ya mtoto mchanga, kumkinga na jicho.

Nasra akanifinya. "Shoga, wasikia? Na hawa wanaogopa jicho! Wazungu wazima hawa!"

Tulicheka, kisha kicheko kikatuishia. Maana sote wawili tulibanwa vitu kwenye nguo zetu tukiwa wachanga, tukapakwa wanja mpaka kwenye nyusi ili tuonekane wabaya. Na tulikuwa tumevuka nusu ya dunia tukiamini kwamba hayo ni yetu peke yetu, na ya kufichwa. Tukaanza kunong'ona, kama watu walioingia kwenye nyumba ambayo wenyewe wamelala.

Ndipo nikakiona kile kijiti. Kilikuwa peke yake kwenye kitambaa cha rangi ya kijivu. Mti mtupu, urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, bila nakshi, na chini kimelika kwa mshazari kana kwamba kimekatwa na mtu mwenye haraka. Nikarudi kuwa msomi. Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza changu cha chuo kikuu, "Hawakupata kizima? Hiki kimelika upande mmoja."

Bi Morag hakukasirika. Angekasirika ningesahau mapema zaidi. Alinitazama tu, akasema, "Binti, huo uliolika ndio yeye. Upande wa pili ni mti."

Halafu akanionyesha. Mama mzima, na koti lake na kofia yake, alisimama katikati ya chumba akaanza kukoroga hewa. Uji, alisema, hukorogwa kwa mkono wa kulia, na kwa kuzungusha upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, shetani asije akakaribia chungu. Asubuhi moja, na nyingine, na nyingine, maisha ya mwanamke mmoja, mpaka mti wenyewe ukajifunza njia. Bega lake lilikuwa likipanda na kushuka. Na lile bega nililijua.

Lilikuwa bega la Bi Rukia, bibi yangu mzaa mama.

Bi Rukia alikuja Maskati kutoka Unguja na vitu vichache sana, na kimoja kilikuwa mwiko mrefu wa kupigia bokoboko. Kama hukulelewa na watu wetu, nikwambie: bokoboko ni ngano na nyama, vinapikwa mpaka visijuane, kisha vinapigwa kwa mwiko hadi vinavutika, na kuliwa kwa samli. Bila bokoboko hakuna Idi. Sisi wajukuu mwiko ule tuliujua zaidi kwa mgongo, maana ndio uliotufukuza jikoni. Ncha yake ilikuwa imelika kwa mshazari. Nimekaa nao miaka yote ya utoto wangu sikuuona. Ilinibidi niende Glasgow nikaonyeshwe ndugu yake.

Bi Rukia alifariki kabla sijasafiri. Siku ya msiba nyumba ilijaa watu na mimi nilikuwa mtu wa chai. Birika likiisha naleta jingine. Sikupata nafasi ya kulia. Nafasi nilikuja kuipata pale, mbele ya kijiti cha mwanamke wa Kiskoti nisiyemjua, Nasra akiwa shahidi, Bi Morag akinipa kitambaa bila kuuliza swali hata moja.

Hiyo ndiyo siku niliyoiita mafua.

Sasa sikiliza yaliyotokea majuzi. Sehemu ya vitu kama vile, vya nyumbani na vya mwilini, imeletwa kutoka Uskoti kuonyeshwa kwenye jumba moja la makumbusho pale Maskati ya zamani. Raya, binti wa kaka yangu, anafanya kazi pale. Akili yake ni nzuri, Mungu amhifadhi: akawashauri wakubwa zake waweke kabati moja la vitu vya nyumba zetu kando ya vile, watu watazame vyote kwa pamoja. Na cha kwanza alichokitaka ni mwiko wa Bi Rukia, ambao siku hizi uko Hail, pembeni ya mji, jikoni kwa mama yangu.

Tulikwenda pamoja kuuomba. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua bizari.

"Bibi, tunataka ule mwiko wa Bi Rukia," Raya akasema.

"Upi? Ule mbovu?"

"Ule ule."

Mama akaendelea kuchambua. "Utakaa na vitu vya hao Waskoti?"

"Chumba kimoja, Bibi. Siku ya kufungua watakuja na mabalozi."

"Mabalozi," Mama akasema polepole, kama anayeonja chumvi. "Haya. Nitakupeni."

Ningekuwa na akili ningetambua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Kwetu, mwanangu, mgeni hapewi kilichokwisha kutumika. Mama ana seti ya vikombe kabatini, vya dhahabu mdomoni, ambavyo maisha yangu yote nimengoja niwe mgeni wa kutosha ninywee. Shuka mpya ni ya mgeni. Taulo jipya ni la mgeni. Na mie, mwandishi wa makala ndefu juu ya mila na desturi, sikuona kinachokuja.

Katika wiki ya mwisho kabla ya Idi, Mama akaniita nikachukue mzigo. Ulikuwa umefungwa kwa kanga mpya, unanukia udi mpaka gari zima likawa kama chumba cha bi harusi. Nikaendesha kutoka Hail hadi Maskati, nimeuweka kiti cha mbele na mkanda nimeufunga. Raya akaupokea kwa glavu nyeupe, akauweka mezani, akafungua fundo taratibu.

Ulikuwa mwiko mpya. Mweupe, umenyooka, umepakwa mafuta unang'aa, na kwenye mpini karatasi ya dukani bado imegandia.

"Shangazi," Raya akasema kwa sauti ya msibani, "huu una mwezi kweli?"

"Hauna wiki."

Tulicheka mpaka yule kijana wa ulinzi akachungulia. Kisha wazo likatufikia kwa pamoja. Kabla ya Idi Mama hutakasa jiko. Kila kilichochakaa hutoka: sufuria iliyotoboka, kawa la kufunikia chakula lililochanika, yote huenda kwenye pipa la taka barabarani, na gari la taka la Hail halichelewi. Kama ameshanunua mwiko mpya, na ule wa zamani mwenyewe amekwisha kuuita mbovu, basi uko wapi?

Nikampigia. Haikupokewa. Nikapiga tena, na tena. Raya akapiga kwa simu yake. Wapi.

Mtu wa nje angeona ni mti tu. Lakini hatuna picha ya Bi Rukia. Moja iliyokuwapo iliharibika kwa maji. Dhahabu yake iligawanywa, ikayeyushwa, ikawa bangili za maharusi wasiojua ilikotoka. Ukiondoa ule mwiko, hakuna kitu duniani ambacho mkono wake ulikiachia alama. Raya alikuwa akiikunja ile kanga na kuikunjua, akiikunja na kuikunjua. "Mimi ndiye niliyesema mabalozi," akawa anasema. "Mimi ndiye niliyewataja."

Kukimbilia Hail saa zile, na magari yanavyojazana njia yote, kungekuwa kukaa garini na wasiwasi badala ya kusimama nao. Basi tukasimama. Na tulipokuwa tumesimama ni mbele ya kabati la Waskoti.

Taa ile, au dada yake. Vijiko vya pembe. Moyo mdogo wa fedha wa kumkinga mtoto na jicho. Na kijiti cha uji kilicholika kwa mshazari. Sithubutu kusema ni kile kile, nimejifunza kutothubutu. Lakini mwili wangu ulikijua kabla ya kichwa. Nilihisi nywele za mikono zikisimama, kama mtu anayesikia adhana katika nchi ambako hakuitarajia.

"Mwenyewe alikuwa nani?" nikamuuliza Raya.

"Hajulikani, Shangazi. Jina halikuandikwa popote. Wanajua tu alitumia mkono wa kulia."

Fikiria hayo. Jina limekwenda, kaburi halijulikani, uji umeliwa, na walioula wamekufa. Na bado hapa Maskati, mji ambao huenda hakuwahi kuusikia, wanawake wawili wamesimama mbele yake, na wanaona vizuri kabisa bega lake lilivyokuwa likizunguka. Sikujua kama niseme Subhanallah au niinamishe kichwa. Nilifanya vyote viwili.

Raya akanitazama usoni. "Shangazi, una mafua?"

"La," nikasema. "Nnalia."

Ilinichukua ujana wote na nusu ya uzee kulitamka neno hilo.

Basi mwanangu, nnachotaka ushike ni hiki. Usione haya ya kitu kilicholika kwenu. Ukiambiwa mlete mlicho nacho, usikimbilie dukani. Lete kile ambacho mtu wako amekishika mpaka kikamfuata mkono. Na kabla hujatamani kukiweka nyuma ya kioo, kitazame kwanza kikiwa kazini, na muulize aliyekishika angali yuko, maana Bi Rukia sikumuuliza, na yule Mskoti hakuna wa kumuuliza tena. Na ukijiwa na machozi mahali pasipofaa, yaite kwa jina lake. Mungu akupe macho ya kuona mikono ya nyumbani kwenu, na aijaalie yako iache alama ya wema pale itakapopita.

Nilikuwa bado nafuta uso simu ilipolia. Mama. Nikaiweka sauti nje ili Raya asikie.

"Mmenipigia nyote kama kumekufa mtu. Kuna nini?"

"Mama, ule mwiko wa zamani uko wapi?"

"Uko mkononi mwangu, utakuwa wapi? Nimeletewa ngano mpya, nnaijaribu kabla ya Idi. Mtu akipiga bokoboko atashikaje simu?"

Raya akakaa chini, pale pale sakafuni, na glavu zake nyeupe.

"Hukuutupa?"

"Niutupe! Kisha nipigie nini, ile fimbo ya dukani niliyokupeni?"

"Bibi," Raya akasema, "lakini tuliuomba huo. Huo mbovu."

Tulisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mara moja.

"Huo mbovu ndio mnaoutaka? Mbele ya watu?"

"Ndio, Bibi."

"Basi mwiko bado una kazi," Mama akasema, taratibu zaidi. "Wewe Raya, hujawahi hata kuushika. Njoo Hail nikufundishe. Mie nikichoka utapiga wewe. Siku mkikosa wa kuupiga, hapo ndipo mtauweka kwenye kioo. Na hao mabalozi, kama wana haja ya kuuona, waleteni, kuna chakula. Mungu aibariki mikono yenu. Haya, linashika chini, kwaheri."