Mpishi aliyekataa kupika samaki wa mjomba kwenye harusi yetu Tongoni

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Leo nimekuja kumsifu mtu. Najua humu kumponda mtu ndo kunaleta wachangiaji, ila nivumilieni. Sitatia chumvi, maana waliokuwepo siku hiyo ni wengi na baadhi yao wanasoma huu uzi.

Iko hivi.

Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa anaolewa nyumbani kwetu Tongoni. Chakula tukampa mama mmoja wa Tanga mjini, tumwite Mama Nasrin. Ni Mhindi wa palepale, kazaliwa Tanga, kakulia Tanga, akikasirika Kiswahili chake kinakunyoosha kuliko cha bibi yako.

Sasa huyu mama kwenye kazi yake hana mchezo. Wapishi wake wote wamepimwa afya na vyeti wanatembea navyo. Nyama mbichi ina kisu chake na ubao wake. Ukiingia jikoni kwake hujanawa unatolewa, hata uwe bwana harusi.

Kaja asubuhi na kigari chake cha mizigo, kirikuu, kashusha madeli ya barafu yenye kuku na nyama, kaanza kazi. Mimi ndo nilikuwa msimamizi upande wetu, nikajisemea hapa leo nimepona.

Kumbe bado.

Kwenye ukoo wetu kuna kitu kinaitwa kitoweo cha mjomba. Ndugu wa kiume wa mama ndiye anayeleta, kinapikwa pamoja na chakula cha shughuli, na kikipakuliwa linatangazwa jina lake watu wasikie. Asipoleta ni aibu. Akileta kikakataliwa, hiyo sasa sijawahi kuisikia tangu nizaliwe.

Mjomba Bakari akafika kutoka Mkwaja. Kashusha gunia la nazi na tenga la jodari, wakubwa, wamefunikwa gunia bichi. Gari lilimharibikia njiani, akalala Pangani.

Mama Nasrin akafuta mikono akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kitoweo hicho, kakipake nazi."

"Ahsante. Hawa wamevuliwa lini?"

"Jana asubuhi. Watazame macho, bado wabichi hao."

"Na barafu?"

"Barafu ya nini? Mie nimeanza kula samaki wewe hujazaliwa!"

Mama Nasrin akainama, akamgusa samaki mmoja. Wakuu, nilisogea na mimi nikanusa. Hawakuwa na harufu yoyote mbaya. Mimi ningewala.

Akasimama akasema, "Mzee wangu, nisamehe. Hawa siwapiki."

Waliokuwa wanakuna nazi uani wakasimamisha mbuzi zao.

Mjomba akaanza kukusanya kanzu yake. "Basi mie n'naondoka. Harusi ya mtoto wa dada yangu, kitoweo changu kitupwe kama cha mbwa!"

Mama yangu naye akaangua kilio. "Kaka akiondoka na mie n'naondoka naye! Mama Nasrin, tia tu jikoni, moto si utaua kila kitu?"

"Dada, jodari akishinda kwenye joto anatengeneza sumu ambayo moto hauiwezi. Huioni, huinusi."

"Sasa si sisi tumekwambia upike? Lawama yetu!"

Hapa ndo alipojibu maneno ambayo mpaka leo ninayo kichwani:

"Hapana dada. Kikitoka kwenye sufuria langu ni changu. Mtu akiumwa hataitwa mzee wala hutaitwa wewe, nitaitwa mimi. Na serikali isiponiita, Mungu ataniita. Mkitaka wapikwe hawa, nafunga vyombo vyangu sasa hivi, mtafute mpishi mwingine."

Wageni wako njiani, wakuu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Nikamtazama, hatanii kabisa.

Halafu akaliona lile gunia la nazi.

Akamgeukia mjomba, sauti ikashuka kabisa. "Mzee, nazi za wapi hizi?"

"Za shambani kwangu," mjomba akajibu huku kanuna.

"Hizi ndo nazitaka. Nazi Mungu kaifunga mwenyewe, haihitaji barafu. Leo kuku sikaangi, namfanya wa kupaka, na tui lote ni lako. Kitoweo cha mjomba kipo."

Mjomba akakaa kwenye mkeka. Hakusema ndiyo, ila hakuondoka. Mama akafuta machozi. Samaki tukachimba shimo nyuma ya nyumba tukawafukia, na Mama Nasrin kasimama pale mpaka udongo wa mwisho.

Chakula kikatoka. Wakuu, kuku yule! Watu walilamba vidole bila haya. Likatangazwa, "Tui hili ni la nazi za Mjomba Bakari kutoka Mkwaja!" Vigelegele vikapigwa mpaka nikasikia raha moyoni.

Nikamtafuta mjomba nione anavyotabasamu. Nikamkuta kajiinamia pembeni, uso mwekundu, anajikuna shingo na mikono.

Mama Nasrin alishamuona kabla yangu. Akachuchumaa akamnong'oneza, "Mzee, ulikula?"

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Kumbe kabla hatujawafukia wale samaki alichomoa kipande, akaenda kukichoma kwa jirani.

Yule mama hakupaza sauti. Alinipa ufunguo wa kirikuu, akanituma nimpeleke zahanati. Waliouliza akawajibu kuwa mzee kaenda na mimi kuongeza barafu ya vinywaji.

Mganga wa zahanati akamchoma sindano na kusema yaleyale: ni samaki, sumu hiyo moto hauiondoi, na mzee ana bahati alikula kidogo.

Tukarudi watu bado wapo. Mama Nasrin alikuwa kamwekea mjomba sahani yake, imefunikwa, ya moto. Mjomba akamuuliza kwa sauti ndogo, "Umewaambia?"

"Niwaambie nini mzee wangu? Kazi yangu ni watu wale salama. Kukuaibisha si kazi yangu."

Mjomba angeweza kuishia hapo, hakuna ambaye angejua. Lakini muda wa shukrani ulipofika mjomba akasimama, uso bado umevimba.

"Nilileta samaki," akasema. "Huyu mama akawakataa, nikamwona ana kiburi. Nimekula kipande kimoja tu, natoka zahanati. Wallahi, ningewalaza wote hapa, na bibi harusi mwenyewe. Kitoweo cha mjomba leo kaleta huyu."

Mama yangu akaenda kumkumbatia Mama Nasrin mbele za watu. Mimi nilijifanya nina kazi kwenye masufuria, maana machozi yalikuwa karibu.

Nilichojifunza: vyeti na leseni tunaviona usumbufu wa watu wa afya, kumbe maana yake ni mtu mmoja kukubali kubeba dhamana ya matumbo ya watu wote. Kukataa kupika kulimponya mgeni ambaye hata hakujua alikuwa hatarini. Siku hizi Mjomba Bakari akialikwa shughuli yoyote, kabla ya kuuliza bibi harusi ni nani anauliza kama kuna deli.

Karibuni wakuu, hasa mnaopikia watu. Ungekuwa wewe, ungeweza kumwambia hapana mzee wa watu siku ya harusi?